Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Kiingereza na vitenzi vya kuripoti

Saa 1:30 asubuhi. Wanafunzi wanatoka mstarini, nami napitia andalio la somo. Mada ya leo ni kauli ya kutendwa ya vitenzi kama "say", "believe" na "know", ambayo humwezesha mtu kutoa habari pasipo kumtaja aliyeisema.

Saa 2:40. Kidato cha Tatu. Naandika ubaoni sentensi kuhusu Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu: "People believe that Zinjanthropus lived at Olduvai." Umbo linaloanza na "It is believed that" haliwasumbui, kwa kuwa kishazi kinachofuata hubaki kama kilivyokuwa. Kazi ipo pale Zinjanthropus anapopandishwa kuwa kiima cha sentensi nzima, maana kitenzi chake hupoteza alama ya wakati uliopita, na wakati huo hauna budi kuoneshwa kwa namna nyingine. Binti wa dawati la mbele anaandika, kwa mwandiko safi kabisa, "Zinjanthropus is believed to live at Olduvai." Namuuliza kama tukienda Ngorongoro kesho tutamkuta akiota jua, ilhali fuvu alilolivumbua Mary Leakey mwaka 1959 lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Darasa linaangua kicheko. Yeye anafuta, anaandika "to have lived".

Saa 5:20. Kidato cha Nne wamekariri kwamba jambo la zamani hudai "to have" daima. Nawapa sentensi mbili: "Ibn Battuta is known to have visited Kilwa in 1331" na "The Earth was believed to be flat". Zote zinahusu zamani, lakini katika ya pili imani na ubapa uliodhaniwa ni vya wakati mmoja, kwa hiyo "to be" inatosha. Kinachopimwa ni kama tendo lilitangulia kuripotiwa kwake, na sioni faida ya kuwakaririsha jedwali kabla hawajaliona hilo.

Saa 8:10 mchana. Nasahihisha madaftari. "He is suggested to be ill" imejirudia, ingawa "suggest" hukubali umbo la "it" peke yake.

Saa 9:30. Wahariri wa gazeti la ukutani wameleta habari: "It is said that the library will be closed." Nauliza ni nani aliyesema. Wanatazamana, kisha mmoja anatoka kwenda kumuuliza mkutubi.