Siku yangu moja: asubuhi nasaka busta Kariakoo, usiku nagombana na simu zinazoongea zenyewe

Saa 11 alfajiri. Kabla hata ya mswaki nafungua laptopu, maana usiku kucha ilikuwa inakimbiza simulesheni (majaribio ya kuigiza mtandao ndani ya kompyuta) ya disatesheni yangu ya masta. Mada yenyewe ni simu mbili zilizo karibu kurushiana data moja kwa moja bila kupita mnarani, huku zikitumia masafa yale yale ya mtandao. Matokeo majanga matupu. Nikiwasha zile pea za simu tu, wateja wa kawaida wa mnara wanakufa wote, na safu ya pawa (nguvu ya kurusha, kwa kipimo cha dBm) imejaa 23, 23, 23 mpaka chini, yaani kila simu inarusha mwisho wa uwezo wake, miliwati 200, ili kumsemesha jirani aliyekaa mita 20! Nikaifunga nikaenda kuoga nimenuna.

Saa 2 asubuhi. Mchana mimi ni mtu wa RF, yaani mawimbi ya redio kwenye kampuni ya simu, kazi yangu ni kusafisha mtandao. Leo kuna seli Kariakoo ambayo kelele za aplinki zimepanda mpaka -98 dBm kwa kila risosi bloku (kipande kidogo cha masafa anachogawiwa mteja), wakati seli iliyotulia inakaa -117 hivi; namba ikisogea kuelekea sifuri ndio kelele zinazidi. Aplinki ndio njia ya simu kwenda mnarani. Mteja anaona netiweki imejaa, akipiga haiendi, anaishia kutukana customer care wa watu ambao hawana kosa. Mnara wenyewe unasikika vizuri tu, ila wenyewe ndio hausikii, ni kama umewekewa disko vumbi dirishani.

Saa 4. Tunazunguka na spektrum analaiza, kifaa cha kuonyesha mawimbi kwenye skrini, na antena ya kushika mkononi, unaigeuza huku na huku unaangalia kilima cha kelele kinakua wapi. Jua kali, mikokoteni inakupigia miluzi, kila mtu anauliza kama tunapima mionzi. Baada ya saa nzima na kitu kilima kikatuingiza kwenye duka la vitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, doti ngapi?"

Juu ya rafu kuna boksi jeupe, busta, yaani kifaa cha kuongeza netiweki ndani, fundi kamfungia, antena ya nje na ya ndani zimeachana kama mita mbili tu na katikati kuna bati. Hapo lazima ijisikie yenyewe na kuanza kupiga mayowe mpaka mnarani. Nikamwomba achomoe. Mwenzangu aliyekuwa anaangalia seli ofisini akapiga hapo hapo: "Imeshuka, -116!" Sisi tunagongeana mikono, mama anatuangalia tu. Akauliza, sasa mteja akinilipa kwa simu meseji nitaionaje? Mambo ya vibali nilikuwa nimejiandaa nayo, ila jibu la hilo swali sikuwa nalo. Akaitundika simu yake kwenye msumari wa mlangoni, ndio sehemu pekee inayoshika.

Saa 8 nikala wali maharage. Hapa hakuna cha kusimulia.

Saa 10 jioni, kwa dokta wangu, msimamizi wa disatesheni. Akaangalia grafu nusu dakika akasema, "Hawa walioko mita 20 mbona wanapayuka kama mmoja yuko Dar mwingine Dodoma?" Akanirudishia laptopu. Basi, hakuongeza neno.

Saa 1 usiku nimeganda chumbani na swali lake. Fomula ninayotumia kukadiria mawimbi yanapotea kiasi gani njiani, simu kwa simu, ni 148 jumlisha 40 mara logi ya umbali, na umbali unatakiwa uwe kilomita. Mimi nimeingiza mita! Kwa hiyo mita 20, ambazo upotevu wake ni desibeli 80, programu ilikuwa inasoma 200, inaona hawa wako mbali kupita kiasi, inawapa pawa yote. Fomula ya simu kwenda mnarani niliandika sawa, ndio maana mnara uliumia kweli kweli. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Nimerekebisha, nikawashusha hadi miliwati 1, wanasikizana bila shida. Ila sasa ndio ukaja utamu. Pea iliyo mita 100 kutoka mnarani, hata kwa hiyo miliwati 1, inafika pale na -90 dBm, wakati mteja wa mita 500 anayerusha pawa yote anafika na -94, kwa hiyo kelele bado zinamzidi mwenyewe wa masafa. Ukiisogeza pea hiyo hiyo mpaka mita 400 inafika na -113, mteja anapumua. Kwa hiyo kupunguza pawa peke yake hakutoshi, inabidi uchague nani anashea bloku na nani. Pea ya mbali na mnara mpe bloku ya mteja ambaye naye yuko mbali na hiyo pea, asije akaiziba masikio. Pea iliyo chini ya mnara ipitie mnarani tu kama wengine, kwani kuna ubaya gani? Kupanga hizo ndoa nimemwachia algorithimu ya Hungarian, mbinu ya hesabu ya kutafuta nani akae na nani ili jumla iwe bora. Na ndio maana 3GPP, wanaotunga viwango vya mitandao ya simu, kwenye Rilizi ya 12, mwaka 2015, waliiweka saidilinki (hiyo njia ya simu kwa simu) kwenye masafa ya aplinki, kwa sababu huko anayeumia ni mnara, na mnara ndio unaogawa bloku, unaweza kujitetea.

Saa 5 usiku. Simulesheni inakimbia upya, LUKU imebaki uniti 3, naomba zifike asubuhi. Kabla ya kulala nikachungulia grafu ya ile seli ya Kariakoo. Mchana wote -116, safi kabisa. Halafu saa 11 na robo jioni ikaruka mpaka -98, ikakaa huko huko mpaka saa 1 na nusu, muda wa kufunga maduka.

Simu itakuwa imetolewa msumarini.