Nani kamjibu nani?

Hadithi yangu ya kwanza ya sauti ilinirudia na lalamiko moja: "Sasa hapo nani kamjibu nani?" Niliudhika, maana kwenye maandishi kila kitu kilieleweka. Nikavaa hedifoni, nikazima taa, nikasikiliza. Mwenyewe nikapotea! Alama za kunukuu na aya mpya hazisikiki, na "akasema" yetu haitofautishi mke na mume.

Nikatanguliza jina. Badala ya "Sitaki," akasema Zuhura, nikaandika: Zuhura akasukuma kikombe. "Sitaki." Baba mkwe wake nikampa kikohozi kabla ya kila uongo (hicho nakipenda mno).

Sehemu ya pili ilipotoka, hakuna aliyeuliza nani anaongea. Walibishana tu kama mzee ni mwongo au mgonjwa.