"Metre, nimeshinda ao nimeshindwa?"

Mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, alinijia mimi wakili wake (huku wakili tunamwita "Metre") na hukumu ya kesi ya kiwanja chake. Karatasi saba. "Metre, nimeshinda ao nimeshindwa?"

"Mama, ngoja kidogo." Nikaanza kusoma. Attendu que... attendu que... yaani "kwa kuwa", "kwa kuwa", kwa Kifaransa. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nukta bado haijaonekana. Sentensi moja! Sababu yenyewe niliikuta ukurasa wa sita, imebanwa kati ya mikato miwili: alikuwa na karatasi ya fishi ya kiwanja tu, hakuwa na cheti cha usajili, na sheria ya ardhi ya 1973 inadai cheti hicho.

Katiba yetu ya Kongo, ya 2006, ibara ya 21, inasema kila hukumu iandikwe na itolewe sababu. Sawa, sababu ilikuwepo. Ila mwenye kiwanja angeipata wapi?

Mtindo huu tuliurithi kwa Wabelgiji. Hata Ufaransa, mahakama yao ya kasasyo, ile ya juu kabisa kwa kesi za kawaida, iliacha "attendu que" Oktoba 2019, ikaandika sentensi za kawaida, aya zenye namba. Sisi tungali tunaishikilia kama toge, joho la wakili, ya babu. (Na mimi pia. Nimefungua maandishi yangu ya mwaka jana, nikayafunga haraka.)

Nikageuza karatasi, nikamwandikia nyuma mistari mitano ya Kiswahili: umeshindwa, kwa sababu hii, na rufaa ina siku zake, usichelewe. Akaisoma mwenyewe, polepole, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Kumbe ni hii tu?"