Paa la Gando na joto la darasani

Darasa lililoezekwa bati bila dari, saa saba mchana, halifundishiki. Watoto wanasinzia, na mvua ikianza kupiga bati mwalimu hasikiki hata dawati la pili. Kamati nyingi hukimbilia feni. Dawa iko kwenye paa, na Shule ya Msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, ni ushahidi wa kutosha.

Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, aliichora angali mwanafunzi wa usanifu majengo Berlin. Madarasa matatu yako kwenye mstari mmoja, na kati yake kuna nafasi zenye paa ambako watoto husoma na kucheza. Dari ni tofali za udongo zilizopangwa juu ya nondo bila kuunganishwa kwa udongo. Juu ya dari pana uwazi, kisha bati lililobebwa na kenchi za nondo za kuchomelea. Hewa ya moto hupanda kupitia dari na kutokea kwenye uwazi. Hewa baridi huingia madirishani kuchukua nafasi yake. Msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea vilitosha kutengeneza kenchi hizo, ndiyo maana wanakijiji waliweza kujifunza kazi. Kijiji kikijengewa kitu ambacho hakuna mkono wake unaoweza kukikarabati, hiyo ni shule ya mkandarasi.

Huku kwetu karibu na ikweta, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kuta fupi za mashariki na magharibi zisiwe na madirisha kabisa. Paa litokeze nje walau mita 1.2, vinginevyo ukuta wa udongo unalowa. Uwazi wa juu ya dari uzibwe kwa wavu, popo wasihamie, na kenchi zifungwe kwa nondo kwenye linta, boriti inayopita juu ya milango na madirisha, kwa sababu paa lililoinuliwa hudakwa na upepo kama mwavuli.

Udongo wa kutengenezea tofali ndio unaoharibu miradi mingi. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi. Chukua wa chini yake, ulowanishe, uujaze kwenye kisanduku cha urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, uuache ukauke wiki nzima, kisha upime umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa chini ya milimita 15, tumia ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 18 za udongo. Milimita 15 hadi 30, 1 kwa 16. Hadi 45, 1 kwa 14. Hadi 60, 1 kwa 12. Zaidi ya hapo mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga.

Kiasi cha maji kipime kwa donge la mchanganyiko huo: liangushe kutoka usawa wa bega kwenye ardhi ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, liko sawa. Likibaki bonge, maji yamezidi, likisambaratika, hayatoshi. Tofali zilizoshindiliwa zifunikwe kwa nyasi au nailoni, zimwagiliwe siku 7, zijengewe baada ya siku 28. Haraka ya kuwahi muhula ndiyo inayoponza: tofali la siku kumi linaonekana limekauka, lakini masika ya kwanza yanalimega pembe. Msingi uwe wa mawe na uinuke sentimita 30 juu ya ardhi, maana matone yanayoruka kutoka chini hula ukuta kuliko mvua yenyewe.

Miti ya kivuli ipandwe upande wa magharibi. Mwarobaini unafaa, mkuyu uwe mbali, mizizi yake hupasua msingi.

Paa hilohilo likusanye maji ya mvua kwenye tanki. La mita 30 kwa 10 hupokea lita 6,000 kwa mvua ya milimita 20, na ukitoa kinachopotea, hesabu lita 4,800. Maji ya mwanzo yamwagwe, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Koki iwekwe upande wa njia ya kijiji, ili mama anayechota asikatize mbele ya madarasa, na maji yanayomwagika yaelekezwe kwenye migomba, yasituame chini ya tanki.