Dakika nne za mvua

Bibi alikubali kurekodiwa kwa sharti moja tu, kwamba nisimwambie aanze upya. "Mimi si kaseti, mume wangu," alisema, kwa utani ule ule alionifanyia tangu utotoni. Ilikuwa Aprili 2021, masika imeshika Tanga. Nilifika kwake Chumbageni na kompyuta mgongoni, maiki mpya ya kuchomeka kwa USB, na karatasi ya maswali kumi na mawili. Podikasti niliyotaka kuanzisha, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni, ilihusu majina ya kanga, na sehemu ya kwanza ilikuwa haki yake. Kasha lake lina kanga kushinda baadhi ya maduka.

Maiki ile ilikuwa ya kondensa. Wauzaji huisifia kwamba inanasa kila kitu, nao hawasemi uongo: ilinasa feni, friji, bodaboda na jogoo wa jirani. Kwenye chumba kilichotulizwa ni chombo kizuri sana. Sebule ya Bibi ina sakafu ya saruji, kuta tupu na bati lisilo na dari. Humo sauti hutoka mdomoni, hugonga ukuta, kisha huirudia maiki ikiwa imechelewa kidogo, na msikilizaji anasikia watu wanaozungumza ndani ya pipa. Mvumo wa feni ni wa namna moja mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo programu ya kuhariri sauti kama Audacity inaweza kuutambua na kuupunguza. Mwangwi ni sauti ya mtu yule yule iliyorudi. Ukiufuta, unamfuta na mwenyewe.

Nilikuwa nimesoma kwamba vitambaa huzuia mwangwi, basi nikatundika kanga nne kwenye kamba nyuma yetu. Zilipendeza mno kwenye picha. Kitambaa chepesi hupunguza ukali wa "s" na "sh", lakini mvumo wa chini hupita kana kwamba hakuna kilichotundikwa. Kinachosaidia ni kitu kinene na kizito: godoro lililosimamishwa, mablanketi yaliyokunjwa mara mbili, kabati la nguo lililoachwa wazi.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa mezani. Niliweka maiki katikati yetu, kama sentimita 70 kutoka kwa kila mmoja, ili tugawane sawa. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hushuka kwa desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba unabaki karibu vile vile. Nikaona sauti ya Bibi ni ndogo, nikapandisha kiwango, na chumba chote kikapanda pamoja naye. Mazungumzo ya kawaida yakawa yanafika desibeli 3 chini ya sifuri, na sifuri ndiyo dari ya kipimo, sauti haiwezi kuipita. Bibi alipocheka, kipimo kiligonga sifuri na sauti ikapasuka. Sauti iliyopasuka hivyo imekatwa kichwa, na hakuna kitufe cha kukirudisha kama kilivyokuwa. Vilele vya sauti vingekaa karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, hata kicheko chake kingepata nafasi. Haya yote ningeyasikia pale pale kama ningevaa hedfoni. Zilikuwa mkobani.

Dakika ya ishirini na kitu nikamuuliza kuhusu kanga yenye jina "Japo sipati tamaa sikati". Akaikunjua mapajani. Mwaka mmoja babu alikwenda Pemba kuchuma karafuu, msimu ukaisha, na hakuna barua wala salamu. Mama mkwe akaanza kumwambia Bibi arudi kwao. Basi kila Ijumaa Bibi akajifunga kanga ile, jina limekaa sawasawa nyuma, akapita mbele ya baraza la mkwe polepole, kwenda na kurudi, bila neno. Wakati anasimulia, mvua ikaanza kupiga bati. Alipandisha sauti, akaisogelea maiki bila kuambiwa, akaendelea mpaka babu aliposhuka kwenye jahazi. Dakika nne.

Usiku nikasikiliza dakika zote 47. Pipa, feni, mpasuko, na chini yake mngurumo mwembamba usiokoma, ambao asili yake ilikuwa umeme wa chaja ya kompyuta.

Wiki iliyofuata nikarudi. Mpiga taarabu mmoja aliniazima maiki mbili za Shure SM58, zile za jukwaani, na kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili. SM58 ni ya dainamiki. Haina usikivu mwingi, inataka mdomo uwe karibu, na kwa nyumba zetu za bati udhaifu huo ndio sifa yake. Safari hii tukahamia chumbani, kwenye kitanda, godoro, chandarua na kasha la nguo. Nilipiga kofi moja katikati ya chumba kusikia kama kinalia. Bibi akauliza kama tumekuja kurekodi au kucheza ngoma.

Nikazima feni na friji. Ufunguo wa pikipiki nikauweka ndani ya friji, maana mtu hawezi kuondoka bila kuikumbuka. Kompyuta ikatumia betri, simu zote zikawekwa katika hali ya ndegeni. Maiki zikakaa sentimita 15 kutoka mdomoni, zimeinamishwa pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isizigonge usoni, na kati ya maiki na maiki kama nusu mita, mara tatu ya umbali wa mdomo, ili sauti ya mmoja isivuje kwa mwenzake. Kabla ya swali la kwanza tulikaa kimya sekunde 30. Kimya hicho ndicho programu hukitumia kuujua mvumo wa chumba, na ndicho utakachobandika mahali ulipokata, kwa sababu pengo lisilo na sauti yoyote husikika kama simu iliyokatika.

Rekodi ikatoka safi. Bibi akaeleza pindo na mji, akaeleza kanga za zamani zilizoandikwa jina kwa herufi za Kiarabu. Nikamuuliza habari ya Ijumaa.

"Hiyo nimekwisha kukueleza."

"Iliharibika, Bibi."

"Kilichoharibika ni mashine yako. Mimi nimesema."

Akanipa sentensi tatu, kavu kama ripoti ya polisi.

Uhariri ulichukua usiku tano kwa kipindi cha dakika 31. Kwanza nikatenganisha njia mbili, kila moja isikike masikio yote mawili. Kadi ilikuwa imemweka Bibi kushoto na mimi kulia, na anayesikiliza kwa sikio moja, kama wasikilizaji wengi ndani ya daladala, angemsikia mtu mmoja tu. Nikakata sauti zote zilizo chini ya hezi 80. Kisha nikaileta mvua, zile dakika nne za siku ya kwanza. Mvua si feni. Imetawanyika kwenye masafa yote, hayo hayo yaliyobeba maneno. Nilipoipunguza kwa desibeli 24, Bibi alisema kama mtu aliyezama kisimani. Kwa 12 alipona, mvua ikabaki. Nikaacha hivyo, nikaianzisha mvua sekunde tatu kabla ya neno lake la kwanza, ikipanda taratibu, na mbele yake nikaweka sentensi yangu moja: hii ilirekodiwa siku nyingine.

Ukubwa wa sauti niliuweka LUFS 19 chini ya sifuri (LUFS hupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa njia moja, nikatoa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde. Faili ikawa megabaiti 15. Watu huniambia 128 ni bora, na kwa muziki wana haki. Kwa bibi anayesimulia kanga, tofauti ni ndogo, ila bando la msikilizaji linaisha mara mbili kwa kasi.

Sikutoa kitu mpaka vipindi vitatu vilipokuwa tayari. Picha ya jalada, pikseli 3000 kwa 3000, ilikuwa ile ya kanga nne kwenye kamba, zimepata kazi hatimaye. Niliahidi kipindi kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi. Wanaoahidi kila wiki nimewaona wakifika cha sita au cha saba, kisha kimya.

Kilipotoka nilimpelekea Bibi na spika ndogo. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba." Akasikiliza amejilaza, macho amefumba. Ilipofika mvua akainuka ghafla, akamwita mtoto wa jirani aanue nguo.