Udongo Kwanza, Muhuri Mwisho: Nilivyojifunza Kuvitambua Vyombo vya Wafinyanzi wa Uingereza

Mtu anayeanza kukusanya vyombo vya zamani vya Uingereza huambiwa na kila muuzaji ageuze chombo na kutazama chapa iliyo chini yake. Ushauri huo si mbaya, lakini kwangu mambo yalinyooka pale nilipoupindua mpangilio wake: nikaanza na udongo, kisha kitako, kisha mkono wa chombo, kisha glezi, yaani ile ngozi ya kioo inayofunika udongo, na chapa nikaiacha ije mwisho kuthibitisha au kukanusha yale ambayo vidole vimekwisha kuyaeleza.

Ninaishi Derby, na kwa shughuli hii mji huu una bahati yake. Kijiji cha Denby, ambako vyombo vya udongo mgumu vimetengenezwa tangu mwaka 1809, hakiko mbali, na upande wa magharibi kuna Stoke-on-Trent, ile miji sita iliyounganishwa mwaka 1910, ambayo ndiyo iliyoilisha dunia nzima sahani na vikombe. Kwa hiyo maduka ya hisani ya huku, yanayouza vitu vilivyokwisha kutumika ili kuchangia misaada, pamoja na masoko ya Jumapili ambako watu huuza vitu vya nyumbani kutoka nyuma ya magari yao, hayakosi vyombo vya kutazamwa, na vingi huuzwa kwa bei isiyozidi ya chakula cha mchana.

Niligundua mapema kwamba ninakusanya vitu vya aina mbili ambavyo havitambuliwi kwa njia moja. Vyombo vya kiwanda, kama sahani za seti ya mezani, mara nyingi hubeba maandishi mengi chini yake, na kazi ni kuyafasiri maandishi hayo. Vyombo vya karakana, ambavyo hufinyangwa kwa mkono na mfinyanzi mmoja au kikundi kidogo, hubeba muhuri mdogo kuliko ukucha, pengine umezibwa na glezi, pengine haupo kabisa. Hivi vya pili ndivyo vilivyonifundisha kutumia mikono.

Chombo cha karakana kikinifikia, hukipima kwanza kwa uzito na kwa sauti. Udongo uliochomwa kwa joto la nyuzi 1250 hadi 1300 hugandamana ukawa mgumu, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole hulia kwa sauti safi, ilhali udongo uliochomwa kwa joto la chini zaidi hubaki na vinyweleo na sauti yake hufifia upesi. Baada ya hapo hukigeuza. Kitako cha chombo cha karakana aghalabu huachwa bila glezi ili kisigande kwenye rafu ya tanuri, na hapo ndipo rangi halisi ya udongo huonekana: kijivu, hudhurungi, mwekundu wa kutu, au wenye chembechembe za chuma. Ikiwa chombo kilikatwa kwa waya uliosokotwa wakati gurudumu bado linazunguka, kitako hubaki na mistari iliyopinda mithili ya kombe la pwani; ikiwa kilipinduliwa na kuchongwa baadaye, huonekana pete ya kitako yenye mkwaruzo wa chuma. Kila karakana ina tabia yake katika jambo hili, na tabia hubadilika polepole kuliko muhuri.

Mkono wa jagi au kopo ni shahidi mwingine mzuri. Wafinyanzi wa mkondo wa Bernard Leach huvuta mkono kutoka kwenye donge la udongo mbichi kwa kiganja chenye maji, kisha huubandika na kuubana kwa dole gumba pale unapokutana na mwili wa chombo. Mkono wa namna hiyo huwa mnene juu na mwembamba chini, na alama ya dole gumba mara nyingi huachwa ionekane. Mkono wa kiwandani hutoka kwenye kalibu, na ukiupapasa kwa makini unaweza kukuta mshono mwembamba unaoufuata kutoka juu hadi chini.

Sababu ya kumtaja Leach kabla ya wengine iko wazi. Alizaliwa Hong Kong mwaka 1887, akajifunza ufinyanzi Japani, na mwaka 1920 akaanzisha karakana St Ives, huko Cornwall, pamoja na Mjapani Shoji Hamada. Muhuri wa karakana hiyo ni herufi S na I zilizopandana, pamoja na nukta mbili. Wauzaji wengi wakiuona muhuri huo huandika bei kana kwamba Leach mwenyewe ndiye aliyelifinyanga bakuli. Ukweli ni kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1979 karakana ilikuwa ikitengeneza vyombo vya kawaida vya mezani vilivyouzwa kwa orodha, na vilifinyangwa na timu nzima, wakiwemo wanafunzi. Muhuri wa St Ives peke yake unataja mahali. Kwa kazi ya mkono wa Leach hutafutwa pia herufi zake BL. Mimi navipenda zaidi vile vyombo vya kawaida, kwa sababu vilitengenezwa vitumike na bado vinatumika, na sioni haja ya kuvipandisha cheo kwa jina la mtu ambaye pengine hakuvigusa.

Muhuri unaweza pia kudanganya. Karibu na mwaka 1980, wafungwa wa gereza moja la katikati ya Uingereza waliokuwa wakifundishwa ufinyanzi walitengeneza vyombo vya kuigiza kazi ya Leach, wakavipiga muhuri wa kuigiza, na baadhi vikauzwa kwenye minada mikubwa kabla ya mambo kufichuka. Kuchonga muhuri wa herufi mbili ni kazi ya jioni moja, lakini kuuiga mkono uliozoea gurudumu kwa nusu karne ni kazi nyingine kabisa.

Swali lililonisumbua lilikuwa namna ya kupata vyombo vya uhakika vya kulinganisha. Makumbusho ni mazuri, hasa yale ya Stoke-on-Trent na jumba la sanaa la York lenye mkusanyiko mkubwa wa ufinyanzi wa karakana, lakini huko chombo kiko nyuma ya kioo na kitako chake kimelala. Msaada wangu mkubwa ulitoka kwenye nyumba za mnada. Kabla ya mnada huwa kuna siku ya kutazama mali, na mtu yeyote, hata asiye na nia ya kununua, anaruhusiwa kukishika chombo, kukigeuza na kuuliza. Huko nilishika bakuli jembamba la Lucie Rie, aliyekimbia Vienna mwaka 1938 na kuanza maisha mapya London, ambako wakati wa vita alijikimu kwa kutengeneza vifungo vya nguo. Wepesi wa bakuli lile hauelezeki kwa picha. Huko pia nilijifunza mambo madogo yenye faida, kwa mfano kwamba vyombo vya Troika vilivyoandikwa “St Ives” ni vya kabla ya karakana hiyo kuhamia Newlyn mwaka 1970, kwa kuwa baada ya hapo jina la mji liliondolewa kwenye chapa. Nyumbani nina daftari ambamo kila chombo nilichokishika kina ukurasa wake, pamoja na mchoro wa kitako, hata kama sikukinunua.

Katika daftari hilo kuna kurasa ninazozipenda kuliko nyingine. Michael Cardew, mwanafunzi wa Leach aliyefufua karakana ya Winchcombe mwaka 1926, alikwenda Afrika Magharibi wakati wa vita, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja, Nigeria, yaani mji ambao leo huitwa Suleja. Aliyekipa kituo hicho sifa ni Ladi Kwali, ambaye alikuja akiwa tayari fundi wa mitungi ya kujengwa kwa mkono, na ambaye picha yake imo leo kwenye noti ya naira 20. Katika miaka ya 1970 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akisoma Uingereza, alikwenda kituoni hapo kujifunza. Vyombo vyake havifinyangwi kwa gurudumu wala havipakwi glezi. Hujengwa kwa mkono, husuguliwa mpaka vikang'aa, na rangi nyekundu au nyeusi hutokana na moto wenyewe. Chini yake hukwaruza jina lake na mwaka. Sitarajii kumiliki hata kimoja, maana bei zake zimekwisha kupanda mbinguni, lakini nikisikia ufinyanzi wa Uingereza ukisimuliwa kana kwamba ni jambo la Cornwall na Japani tu, huona simulizi limepungua nusu.

Kwa vyombo vya kiwanda, kazi huwa ya kusoma zaidi kuliko kupapasa, ingawa hata hapa chapa ina mitego. Alama ya umbo la almasi ni ya michoro iliyosajiliwa kati ya 1842 na 1883, na namba ya kirumi IV iliyo juu yake humaanisha tu kwamba kitu ni cha udongo. Kuanzia 1884 zikaja namba za usajili zinazotanguliwa na herufi “Rd No”: mwaka huo ulianza na namba 1, mwaka 1885 ukaanza na 19754, na mwaka 1900 ukaanza na 351202. Namba hiyo husema mchoro ulisajiliwa lini. Sahani yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi baadaye. Neno “England” lilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 kudai nchi ya asili itajwe kuanzia 1891, na “Made in England” ni la karne ya 20. Chombo kinachojigamba kuwa kinafaa kwa mashine ya kuoshea vyombo hakihitaji mjadala mrefu kuhusu umri wake.

Mtego unaoniletea maswali mengi ni jina Wedgwood. Kampuni ya Josiah Wedgwood, iliyoanza mwaka 1759, huandika jina hilo bila nyongeza; “Wedgwood & Co” ya Tunstall ni kampuni nyingine, na “Wedgewood” yenye e ya ziada katikati ni ya mtu mwingine tena.

Ruwaza nazo zina tabia zake. Ile ya samawati yenye mti uliolegea, daraja lenye watu watatu na ndege wawili angani ilichapwa na viwanda vingi sana tangu mwishoni mwa karne ya 18, kwa hiyo haimtaji mtengenezaji hata kidogo. Shangazi yangu aliyeko Tanga alinitumia picha ya sahani ya namna hiyo iliyokuwa ya bibi.

“Shikamoo shangazi,” nilimwandikia, “naomba uigeuze unipigie picha ya nyuma.”

“Marahaba mwanangu. Hapa watu wote wanasema ni ya Kichina.”

Nyuma kulikuwa na maneno “Made in England” na jina la kiwanda cha Staffordshire. Nilipomweleza, alijibu kwamba basi Wazungu nao walikuwa wakiiga, na sikuwa na la kumrekebisha. Pwani yetu ilizoea kupamba zidaka kwa sahani za Kichina kwa karne nyingi kabla Staffordshire haijajua kuchapa samawati.

Ruwaza za baada ya vita ndizo zilizonichukulia muda. Kati ya 1942 na 1952 viwanda vilizuiwa kuuza vyombo vyenye nakshi katika soko la ndani, ndiyo maana marufuku ilipoondolewa rangi zilifumuka. Jessie Tait wa kampuni ya Midwinter alibuni Zambesi mwaka 1956, yenye milia myeusi ya punda milia na wekundu ndani. Milia ilipakwa kwa mkono, hivyo ukilinganisha sahani mbili ukakuta zinalingana kila mstari, tilia shaka. Homemaker, iliyochorwa na Enid Seeney kwa kampuni ya Ridgway na kuuzwa katika maduka ya Woolworths, ina michoro myeusi ya viti, taa na meza za kisasa, lakini vikombe vyake huwa vyeusi vitupu, na mara nyingi hukaa pekee kwenye vikapu vya bei rahisi kwa kuwa hakuna anayevitambua bila visahani vyake. Hornsea, kiwanda cha Yorkshire kilichofungwa mwaka 2000, kilitoa Heirloom mwaka 1967, Saffron mwaka 1970 na Bronte mwaka 1972, zote za John Clappison na zenye maumbo yanayofanana. Kwa hizo tatu hutazama rangi kwenye mwanga wa dirisha, kamwe si chini ya taa ya dukani: chungwa juu ya hudhurungi ni Saffron, na ukijani unaoelekea manjano ni Bronte.

Vipo vyombo ambavyo vimeshindikana, na hivyo vina rafu yao. Kuna jagi lenye glezi nyeusi inayogeuka kutu ukingoni, lenye mkono wa kuvutwa na kitako cha waya uliosokotwa, lisilo na muhuri. Wauzaji wangeliandikia “mtindo wa Leach”, maneno ambayo hupandisha bei bila kusema lolote linaloweza kupingwa. Kwenye karatasi yangu limeandikwa hivi: mfinyanzi hajulikani, Uingereza, udongo mgumu wa kijivu wenye chembe za chuma, yamkini miaka ya 1960 au 1970. Karatasi huiweka ndani ya jagi, kwa sababu gundi ya lebo huacha alama kwenye udongo usio na glezi, na atakayeligeuza baada yangu atahitaji kukiona kitako kikiwa safi.