Matambara ya Ebedmeleki

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nilikuwa nimeanza kuwaandikia juu ya shukrani. Nimeiacha. Tangu Jumapili moyo wangu umekwama kwenye simu ya binti mmoja, na kila nikishika kalamu naiona simu ile.

Ni binti wa ushirika wetu, yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Alikuja nyumbani baada ya ibada, akaniamkia, akakaa, akailaza simu yake mezani kifudifudi. Kila ilipotetemeka aliifunika kwa kiganja. Nilipomwuliza kuna nini, aliigeuza akanipa nisome mwenyewe. Lilikuwa kundi la WhatsApp la darasa lao. Wamemtungia jina la kejeli kwa sababu ya alikotoka na lafudhi yake. Walimrekodi akiwasilisha mada darasani, wakakata vipande alivyokwama kwenye matamshi, wakavisambaza. Kwenye kazi za vikundi hakuna anayemtaka. Mara mbili alifanya sehemu yake, na mara mbili karatasi ikakusanywa bila jina lake. Juma lililopita alikuta kiti anachokalia kimeandikwa kwa kalamu nzito kwamba arudi kwao.

Sasa niseme linaloniuma. Ilikuwa mara ya pili kuniletea neno hili. Mara ya kwanza, mwanzoni mwa muhula, nilimwambia, “Mwanangu, samehe, omba, soma kwa bidii. Matokeo yakitoka watanyamaza wenyewe.” Sikuomba hata kuiona simu. Nilimsomea aya ya kuwaombea wanaotuudhi, nikamwombea dakika tatu, nikawahi kikao. Akajibu, “Asante, baba.” Akaenda kuubeba mzigo ule peke yake muhula mzima. Nimeungama mbele za Mungu, nimemwomba binti msamaha, na leo naungama kwenu.

Usiku ule nikaenda Yeremia 38. Mnaijua habari. Wakuu wamemshusha nabii katika shimo lisilo na maji, lina matope tu, naye anazama. Mfalme Sedekia anajua, na alishasema mwenyewe kwamba hana uwezo wa kuwazuia wakuu wake. Aliyeinuka ni Ebedmeleki, Mkushi, mgeni katika mji ule. Angalia anachofanya. Anatoka nyumbani mwa mfalme, anamfuata langoni anakoketi, anamwambia wazi kwamba watu hawa wametenda mabaya. Anapewa watu thelathini. Halafu, kabla ya kwenda shimoni, anapitia chumba kilicho chini ya hazina na kuchukua matambara na nguo zilizochakaa. Anazishusha kwa kamba na kumwambia Yeremia azitie chini ya makwapa yake, ndipo kamba ipite juu yake.

Nimeisoma sura hiyo miaka mingi bila kuyaona matambara. Mtu aliyekaa shimoni ngozi yake imelainika, amekonda. Kamba tupu ingemtoa, lakini ingemchubua. Ebedmeleki aliwaza makwapa ya mtu aliye shimoni. Wapendwa, mimi nilimrushia binti yule kamba tupu. Aya ilikuwa ya kweli, ila niliitupa kutoka juu, na alipoishika ilimkata.

Sisi watu wa kanisa tuna haraka ya kuhubiri msamaha kwa anayevuja damu, na hatuna haraka hata kidogo ya kumkemea anayechoma kisu. Tunamwambia anayeandamwa awe mnyenyekevu, asije akaharibu ushuhuda. Ushuhuda wa nani unaharibika hapo? Ruthu alipofika shambani akiwa mgeni, Mmoabi, Boazi mwenye shamba hakumwambia ajifunze kuvumilia vijana wa shamba. Aliwaagiza vijana wasimguse, tena baadaye akawaagiza wasimwaibishe. Maneno makali yaliwaendea waliokuwa na nguvu ya kudhuru, na Ruthu yeye akaambiwa mahali pa kunywa maji.

Na hapa sitazunguka. Katika kundi lile la WhatsApp nimeona majina ya watoto wetu wawili. Wanaimba kwaya. Mmoja aliweka alama ya kicheko chini ya ile video, mwingine amekaa kimya miezi yote. Nimekwenda kwa wazazi wao Jumatatu, na nimezungumza na vijana wenyewe. Siwataji, maana hawako peke yao. Wewe kijana unayesoma hapa: kama uko katika kundi ambamo mtu anadhalilishwa, kicheko chako ni jiwe, na kunyamaza kwako ni kushika mavazi ya wanaopiga mawe. Sauli, yaani Paulo kabla hajaamini, alishika mavazi hayo Stefano alipouawa kwa mawe, na miaka mingi baadaye bado aliikumbuka na kuisema hadharani. Andika neno moja tu kundini, kwamba hili si sawa. Kisha mtafute huyo mwenzako pembeni, umwambie uliona, na kwamba utashuhudia ukiitwa. Usimwachie akae peke yake ukumbini kesho.

Wazazi nao, nami nikiwamo. Mama wa binti aliponipigia kuniambia mtoto anakosa vipindi, ushauri wangu ulikuwa aahirishe mwaka, apumzike. Niliona ni huruma. Lakini mwaka 1956, Autherine Lucy, mwanafunzi wa kwanza mweusi katika Chuo Kikuu cha Alabama kule Marekani, alizingirwa na kundi la watu wenye ghasia na kurushiwa mayai siku yake ya tatu ya masomo. Chuo kikamsimamisha yeye, kikisema ni kwa usalama wake, na baadaye kikamfukuza. Uamuzi wa kumfukuza ulifutwa 1988. Alirudi kusoma, akahitimu shahada ya uzamili 1992. Miaka mingapi ililiwa hapo! Binti yetu akiamua mwenyewe kwamba anahitaji kupumzika, tumsindikize. Sisi tusiwe wa kwanza kumwonyesha mlango.

Paulo, raia wa Rumi, kule Filipi alipigwa bila kuhukumiwa, na asubuhi wakuu wakatuma watu waseme aondoke zake. Akakataa: waje wenyewe wakatutoe. Kumbukeni usiku ule ule alikuwa ameimba, na amemhurumia mlinzi aliyetaka kujiua. Moyo uliosamehe ndio uliodai haki ya raia. Binti yetu anaweza kuwaombea wanaomsakama, na asubuhi akapeleka malalamiko yake kwa maandishi.

Na hayo maandishi ni muhimu. Jina la Mordekai, aliyefichua njama ya kumwua mfalme, liliandikwa katika kitabu cha kumbukumbu, likakaa humo hadi usiku mfalme alipokosa usingizi. Tumekaa na binti jioni mbili. Kila tukio tumeliandikia tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Meseji hafuti hata moja, hata zile zinazomtapisha; amezipiga skrinshoti na kutunza nakala nje ya simu. Hawajibu kwa hasira humo kundini. Barua inataja anachoomba, sio maumivu tu: video iondolewe, alama za kazi zile mbili ziangaliwe upya, wahusika waitwe. Atabaki na nakala iliyopokelewa kwa sahihi na tarehe. Wakianza kumlipiza kwa kushtaki, hilo nalo litaandikwa na kupelekwa. Na kama lingekuwa tishio la kumdhuru mwili, tusingengoja barua. Ni polisi siku hiyo hiyo.

Lililonigharimu zaidi ni kujifunza kumwuliza. Nilikuwa tayari nimeshika simu kumpigia mtu ninayemfahamu pale chuoni, nimalize mambo kwa haraka. Binti akasema, “Baba, naomba usipige. Nataka niseme mwenyewe, ila uwe umekaa karibu yangu.” Nikairudisha simu mfukoni. Ebedmeleki naye alisema tia matambara, naye Yeremia akayatia mwenyewe.

Nilimwuliza pia, bila kuzungusha, kama amewahi kuwaza kujidhuru. Akanyamaza, kisha akasema hapana, lakini usiku halali. Mama yake amempeleka kwa mshauri wa afya ya akili, na dada wawili wa ushirika wanapokezana kukaa naye jioni, wakati simu inapotetemeka sana. Hawahubiri. Mmoja anamsuka nywele. Msione haya kumwuliza mtoto wenu swali lile. Na akijibu ndiyo, msimwache peke yake, mtafuteni mtaalamu saa hiyo hiyo.

Tunaomba mtushike katika maombi Jumatano saa tatu asubuhi. Tutakuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi: yeye, mama yake, mimi, na yule kijana wa kwaya aliyekuwa amenyamaza. Jana usiku alinitumia ujumbe kwamba atakuja kusema alichokiona, na akauliza kama binti atakubali akae nasi. Nikampelekea binti swali hilo kama lilivyo. Amejibu asubuhi ya leo: “Aje. Ila akae upande wa mama.”